Nina laki tisa, mwenye nyumba Sinza anataka miezi sita. Nikope?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Morogoro, na tangu nianze kazi Dar naishi kwa mama mdogo Tabata Segerea. Ni karani wa hesabu kwenye duka la vipuri Gerezani. Mkononi napokea 620,000 kwa mwezi, nyumbani natuma 50,000. Nimejibana mpaka nimefikisha akiba ya 900,000. Dalali amenionyesha chumba masta na sebule Sinza kwa 200,000. Mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo nimepungukiwa 500,000. Kuna watu wako tayari kunikopesha leo hii, nirudishe 650,000 ndani ya miezi mitatu. Dalali anasema kuna mteja mwingine analipia kesho. Nichukue? Na nitajuaje kama aliyejitambulisha kuwa ndiye mwenye nyumba ni mwenyewe kweli?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mkopo huo usichukue. Nimeanza na jibu kwa sababu dalali anakukimbiza na kesho, na mimi nataka kesho hiyo ipite laki tisa yako ikiwa bado salama. Nilikuwa dalali kabla sijaanza kazi ya kusimamia nyumba za watu, kwa hiyo huyo mteja anayelipia kesho namfahamu: hutajwa karibu kwenye kila chumba kinachotafutiwa mtu. Mara moja moja yupo kweli. Hata akiwepo, mpishe. Vyumba vipo vingi, laki tisa unayo moja tu.

Sasa tupige hesabu ya Sinza kama vile umeshakopa. Unaingia ndani mfukoni huna kitu. Mwisho wa mwezi unapokea 620,000. Wakopeshaji wanachukua karibu 217,000. Halafu linakuja jambo ambalo wapangaji wapya wengi hawaliweki kwenye hesabu: baada ya miezi sita mwenye nyumba atataka 1,200,000 nyingine kwa mkupuo, kwa hiyo inakubidi utenge 200,000 kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Zinabaki 203,000. Nauli, tuseme 1,200 kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi, inaondoka na 31,000. Chakula cha 5,000 kwa siku ni 150,000. Umebakiwa na 22,000, na hapo hujanunua umeme wa LUKU, gesi, maji, vocha wala sabuni, na ile 50,000 ya mama Morogoro haimo. Usipotenga hiyo 200,000, mwezi wa sita utarudi kwa wakopeshaji walewale ukitafuta fedha nyingi zaidi ya mara ya kwanza. Nimeona watu wenye mishahara mizuri kuliko wako wakiingia kwenye mikopo ya kausha damu, hii ya riba kubwa na muda mfupi, kwa mlango huo huo wa kodi, na kutoka huwachukua muda mrefu sana.

Wengi wanaotafuta chumba Dar huanza kwa kuuliza kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi. Kwa mtu mwenye mshahara kama wako, kinachoamua kama utaingia au hutaingia ni idadi ya miezi. Chumba cha 150,000 kwa miezi mitatu unakiweza. Chumba cha 120,000 kwa mwaka mzima hukiwezi, ingawa kwa mwezi kina bei nafuu zaidi. Kwa hiyo nakupa hesabu ya kwenda nayo mtaani, uiandike kwenye simu kabisa.

Chukua akiba yako, 900,000. Toa 200,000 uiweke kando, hiyo ni ya kuumwa, ya msiba, ya mshahara kuchelewa, isiguswe na chumba chochote hata kiwe kizuri namna gani. Toa tena 60,000 ya kukodi kirikuu cha kuhamisha vitu, kununua kitasa kipya na LUKU ya kuanzia. Umebaki na 640,000. Igawe kwa miezi anayotaka mwenye nyumba ukijumlisha mmoja wa dalali. Akitaka miezi mitatu, unagawa kwa nne: kikomo chako ni chumba cha 160,000. Akitaka sita, unagawa kwa saba: kikomo ni kama 90,000. Akitaka mwaka, usipande hata bodaboda kwenda kukiangalia. Ukipata chumba bila dalali, yule mmoja anatoka kwenye hesabu na kikomo chako cha miezi mitatu kinapanda hadi kama 210,000, ila hapo usishangilie haraka, maana kuna kipimo cha pili.

Kipimo cha pili ni cha kila mwezi. Kodi na nauli zipime pamoja, na kwa ushauri wangu zisivuke theluthi moja ya mshahara, yaani kama 205,000 kwako. Naziweka pamoja kwa sababu Dar ukikimbia kodi unakutana na nauli. Chukua vyumba viwili vya kituo kimoja, Kimara. Cha kwanza kiko hatua chache kutoka barabarani, 160,000. Cha pili kiko ndani, 130,000, na dalali anakwambia ni dakika mbili tu. Dakika mbili za bodaboda. Asubuhi 1,000, jioni 1,000, kwa siku 26 ni 52,000. Ukiweka na nauli ya basi, tuseme 40,000, chumba cha 130,000 kinakugharimu 222,000 na kile cha 160,000 kinakugharimu 200,000. Tena cha ndani ukirudi saa tatu usiku mvua inanyesha, hakuna bodaboda wa 1,000. Ndiyo maana dalali akikupokea kituoni na pikipiki yake, mwambie kwa upole kwamba mtatembea. Angalia saa mnapoanza na mnapofika. Ukishaona njia yenyewe kwa miguu, na taa zake na vichochoro vyake, utakuwa umejua zaidi ya nusu ya unachohitaji kujua kuhusu chumba hicho.

Kwa kuwa unafanya kazi Gerezani, una bahati ambayo watu wa Masaki na Mbezi Beach hawana: mabasi ya mwendokasi yanakushusha mlangoni. Njia ya Barabara ya Morogoro ilianza kazi mwaka 2016, kutoka Kimara hadi mjini, na mabasi ya Gerezani yapo. Kwa hiyo tafuta kwa kufuata vituo: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara Baruti, Korogwe. Kadiri unavyosogea kuelekea Kimara Mwisho bei inashuka. Ukivuka kwenda Temboni na Mbezi, ongeza daladala ya pili kwenye hesabu kabla hujafurahia bei ya chumba. Upande wa Barabara ya Kilwa, njia ya kwenda Mbagala Rangi Tatu, nako uangalie kwa jicho hilo hilo. Halafu kuna maeneo ambayo vijana wanayaruka kwa sababu jina halina mvuto: Keko, Ilala, Buguruni. Kutoka Keko au Ilala unaweza kwenda kazini kwa miguu, na ile 31,000 ya nauli ikahamia kwenye kodi. Sinza ni pazuri, sikatai, lakini ile 200,000 ukiongeza nauli ni 231,000. Imevuka kipimo hata bila mkopo.

Kuhusu dalali. Wengine ni watu wema wanaoujua mtaa nyumba kwa nyumba, na dalali wa namna hiyo anastahili malipo yake. Kodi ya mwezi mmoja ni mazoea ya mjini, na mazoea hujadiliwa. Hela ya kuonyeshwa kubaliana naye kabla hamjaondoka, iwe mara moja kwa vyumba vyote atakavyokuonyesha, siyo elfu kumi kila geti. Hela ya udalali mpe ukiwa na funguo mkononi na mkataba umesainiwa, kamwe usimpe ya kushikia chumba. Na uliza bei kwa mwenye nyumba mwenyewe, uso kwa uso, dalali akiwepo. Mara nyingine kwenye ile 160,000 uliyotajiwa kuna cha juu cha dalali, mwenye nyumba yeye anajua 140,000, na hicho cha juu ungekilipa miezi yote bila kujua. Tangazo la mtandaoni lenye picha za sakafu ya vigae inayong'aa, bei ya kutupwa, na mtu anayeomba utume kidogo kwanza ndipo akuelekeze, liache lipite. Sote tunawajua watu wa ile hela tuma kwenye namba hii.

Njia niipendayo zaidi haina dalali hata mmoja. Chagua vituo viwili au vitatu, Jumapili baada ya ibada nenda ukatembee mtaani bila haraka. Nunua maji dukani kwa Mangi, muulize kama kuna nyumba ina chumba kinachoachwa mwezi huu. Muulize mama ntilie, fundi cherehani, kinyozi. Watu hawa wanajua nani anahama kabla mwenye nyumba mwenyewe hajajua, na wanajua pia kwa nini anahama, ambayo ndiyo habari unayoitaka hasa. Waambie na wenzako kazini. Vyumba vizuri vyenye wenye nyumba wastaarabu mara nyingi huhamia kutoka mpangaji mmoja kwenda kwa rafiki yake, haviandikwi popote.

Ukishapata chumba kinachopita kwenye vipimo vyote viwili, kiangalie mara mbili. Mara ya kwanza mchana, mara ya pili saa mbili usiku, uone kama baa ya jirani imefungulia muziki, na taa ya nje kama inawaka. Fungua bomba mwenyewe. Uliza maji ni ya DAWASA au ya kisima, na ya DAWASA hutoka siku gani. Kama ni kisima, onja. Visima vingi vya jiji hili ni vya chumvi: chai haina ladha, sabuni haitoi povu, na utajikuta unanunua madumu ya maji ya kunywa na kupikia kila wiki, gharama ambayo haikutajwa kwenye kodi. Muulize mpangaji aliyepo, pembeni, mwenye nyumba akiwa hayupo. Uliza pia shimo la choo likijaa nani anaita gari la majitaka na nani analipa, maana ugomvi wa nyumba za kushirikiana huanzia hapo na kwenye umeme.

Umeme nitakaa nao kidogo. Kama LUKU ni yako peke yako, vizuri. Kama ni ya kushirikiana, uliza mko wapangaji wangapi, nani ana friji, nani ana pasi na heta, na mnachangaje. Mwombe mpangaji mmoja akuonyeshe ujumbe wa mwisho aliopokea aliponunua umeme. Usomeni pamoja. Utaona uniti alizopata, VAT, makato ya EWURA na REA, taasisi za serikali za nishati, na utaona kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, na kwa sasa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, wewe unailipa kwa sababu tu wewe ndiye unayenunua umeme. Hela si nyingi, lakini iandikwe kwenye mkataba kwamba mtakatana kwenye kodi. Mwenye nyumba akikubali hilo bila kelele, umeshajifunza kitu kuhusu tabia yake. Na kuna jambo la bei ya uniti: mita ya matumizi madogo huuza uniti kwa 100 mpaka uniti 75 kwa mwezi, ukizidi hapo uniti ni 350. Nyumba ya wapangaji watano kwenye mita moja huzivuka 75 mapema sana, hivyo asikuvutie mtu kwa kusema umeme wa hapa ni rahisi. Omba aonyeshe ujumbe wa tarehe za mwisho wa mwezi.

Angalia kuta kwa chini. Ukiona mstari wa tope au rangi imebanduka kwa kimo kimoja chumba kizima, maji yaliwahi kuingia. Pembezoni mwa Mto Msimbazi, Jangwani, Kigogo, Mkwajuni, hilo si jambo la kubahatisha. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifanya watu wahamishiwe Mabwepande. Masika ya Machi hadi Mei hayajali umelipa miezi mingapi. Na ukiona alama ya X nyekundu ukutani, nyumba hiyo iache hata kama ni ya bure. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwa upanuzi wa barabara. Nyumba ikivunjwa, mpangaji aliyelipa miezi sita hubaki na begi lake na deni la kumdai mtu ambaye naye amepoteza nyumba.

Sasa swali lako la pili, la kujua mwenye nyumba ni nani. Hapa nakuomba sana usione aibu. Mwenye nyumba wa kweli haudhiki kuulizwa. Anayeudhika amekusaidia kuamua. Nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, useme unataka kupanga nyumba fulani na ungependa kujua ni ya nani. Wanaijua. Muulize na Mangi jina la mwenye nyumba kabla hujamtajia wewe. Omba kuona hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano, na kitambulisho cha NIDA cha huyo anayepokea hela, ulinganishe majina. Ukituma kwa simu, tazama jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti na lililo kwenye mkataba, simama hapo hapo. Huenda atasema ni namba ya mke wake au ya kijana wake. Sawa, basi mwambie utamlipa benki kwenye akaunti yenye jina lake, au mkononi mbele ya mwenyekiti wa mtaa akuandikie risiti.

Kuna tapeli wa aina mbili ninaotaka uwajue kwa sura. Wa kwanza ni mpangaji anayehama. Amebakiza wiki mbili, ana funguo, anakufungulia, anakaribisha soda, anajiita mwenye nyumba au mdogo wa mwenye nyumba, na anachukua kodi kwako na kwa wengine watatu. Siku ya kuhamia mnakutana wanne na magodoro getini. Wa pili ni mgumu zaidi kumtambua kwa sababu nyumba kwa namna fulani ni yake: ni mtoto mmoja wa marehemu. Mzee alifariki, watoto hawajagawana, yeye anaishi karibu na ndiye anayepangisha. Miezi miwili baadaye anatokea dada yake kutoka Mwanza na wanasheria, anasema hajui mpangaji yeyote. Kwa hiyo ukisikia nyumba ni ya familia, uliza swali moja: msimamizi wa mirathi ni nani? Kama yupo, mkataba usainiwe na yeye na akuonyeshe barua ya mahakama iliyomteua. Kama hayupo, tafuta chumba kingine. Najua inauma kuacha chumba kizuri kwa sababu ya karatasi ya watu wengine, lakini ugomvi wa mirathi hauna tarehe ya kuisha.

Nikiwa hapo hapo, usishawishike na mtu anayekuuzia funguo za chumba cha Shirika la Nyumba la Taifa pale Kariakoo au Upanga kwa kilemba, yaani hela ya kuachiwa chumba. Mpangaji wa Shirika ni yule mwenye mkataba na Shirika. Wewe ungeingia bila jina popote.

Mkataba uwe wa maandishi, na ndio utakaokulinda kuliko kitu kingine chochote. Ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005, kwa hiyo kiasi cha kodi na miezi ya kulipa mbele vimebaki kuwa makubaliano yenu. Kinachoongoza upangaji ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na hicho mlichoandikiana. Kiandike basi. Majina kamili na namba za vitambulisho, chumba kipi, kodi ni kiasi gani, imelipwa kutoka tarehe ipi hadi ipi. Kwamba kodi haipandi ndani ya mkataba, na ikipanda baada ya hapo utaambiwa miezi mingapi kabla. Notisi ya kuhama au kuhamishwa. Nani anatengeneza bomba, paa, choo. Umeme na maji mnachangaje. Na kifungu ambacho wapangaji wengi hawakiombi: ikitokea nyumba imeuzwa au huwezi kuendelea kukaa kwa sababu isiyo yako, kodi ya miezi ambayo hujakaa inarudishwa. Saini, mashahidi wawili, muhuri wa serikali ya mtaa, nakala moja ibaki kwako. Mkikosana mbele ya safari, anza kwa mjumbe na serikali ya mtaa. Baraza la Kata kwa sasa linasuluhisha tu, tangu mabadiliko ya 2021 halitoi hukumu. Linaloamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko watakuuliza kwanza mkataba na risiti.

Tumebakiza jinsi ya kumwomba mwenye nyumba apunguze miezi, na hapa vijana wengi wanakosea kwa kuomba apunguze bei. Bei ina uhusiano na majirani zake, akikupunguzia wewe wengine watasikia. Miezi ina uhusiano na shida zake yeye: ada za shule za Januari, bati za nyumba anayojenga Chanika, matibabu ya mzazi. Anaogopa pia mpangaji atakayelipa mwezi mmoja halafu aanze kumzungusha. Kwa hiyo nenda na kitu cha kuiondoa hofu hiyo. Omba kazini barua fupi inayosema wewe ni mfanyakazi wao. Vaa kawaida, nenda na mama mdogo kama anaweza, uzito wake utauona. Salimia, kaa, usiingie kwenye hela haraka. Kisha mwambie, kwa maneno yako, kitu kama hiki: "Mzee, chumba nimekipenda na bei yako sina neno nayo. Mshahara wangu ni wa kila mwezi, miezi sita kwa mkupuo siwezi bila kukopa, na sitaki kuanza kukaa kwako na deni. Nikulipe mitatu leo, na kila miezi mitatu nikuletee siku kumi kabla ya tarehe. Tuandikiane hivyo." Wengi watakataa. Baadhi watasema minne, na minne kwa chumba cha 120,000 pamoja na dalali ni 600,000, iko ndani ya kikomo chako. Hasa waendee wenye chumba kilichokaa wazi; Mangi atakuwa ameshakwambia ni kipi. Mwenye chumba kilicholala wazi miezi miwili ameshapoteza hela nyingi kuliko anayoigombania.

Akikuuliza unaishi na nani na geti linafungwa saa ngapi, jibu kwa utulivu, na wewe uliza ya kwako. Binti anayetoka kazini jioni anahitaji kujua kama geti la saa nne ni sheria au ni hasira za mtu mmoja.

Kama una mfanyakazi mwenzako unayemwamini, mnaweza kuchukua chumba na sebule mkagawana, lakini majina yote mawili yawe kwenye mkataba na kila mmoja alipe sehemu yake akiwa na risiti.

Ukishahamia, siku ya mshahara kodi ya mbele itoke kabla ya kitu kingine. Chumba cha 140,000, tenga 140,000, mahali ambapo hutaifikia kwa kubonyeza simu usiku wa njaa. Kama kazini mna mchezo au kikoba, ingia, na omba zamu yako iangukie mwezi wa kodi. Ukiwaeleza wenzako sababu mapema watakupangia. Ile 200,000 ya dharura ikitumika, irudishe kabla ya kununua kochi. Godoro, jiko la gesi, ndoo mbili na pazia vinatosha kuanzia maisha.

Kwa sasa mpigie dalali wa Sinza, mshukuru, mwambie kikomo chako ni 160,000 kwa miezi mitatu, kwenye njia ya mwendokasi, na kama anacho cha namna hiyo utakuja Jumapili. Mama mdogo mwombe mwezi mmoja au miwili zaidi, na mchangie kitu cha jikoni wakati unatafuta. Kila mwezi unaokaa kwake, kikomo chako nacho kinapanda. Ukifikia hatua ya mkataba, kabla hujasaini nitumie picha ya kurasa zote, namba za vitambulisho uzifunike, niusome mstari kwa mstari.